Marseille kwa siku nne, na mama mwenye magoti mabovu

Msomaji wetu wa Mombasa ameuliza: "Aprili nitakuwa Brussels kwa mafunzo ya wiki mbili, na mama yangu wa miaka 64 atanifuata huko. Tukimaliza tuna siku nne. Natamani Marseille, lakini kila ninayemweleza ananiambia mji ule ni mchafu na umejaa wezi, bora twende Nice. Mama magoti yanamsumbua, na sote ni Waislamu. Je, twende Nice? Na kama ni Marseille, tuanzie wapi?"

Dada, nendeni Marseille. Nice siikatai, ni pazuri, na mama angefurahia ule ufuko wake tambarare. Ila Nice utaipenda siku ya kwanza, na kufikia siku ya tatu utakuwa unatafuta la kufanya. Marseille utaichukia saa ya kwanza. Utakuta takataka kando ya njia, pikipiki juu ya njia za watu wa miguu na vijana wanaopigiana kelele kana kwamba wanagombana, kumbe wanasalimiana. Wewe umekulia mji wa bandari, hayo hayatakuchukua muda kuyazoea. Habari ya wezi nitaifikia. Waliokuonya hawakukosea yote.

Kwanza safari. Toka Brussels kuna treni ya mwendo kasi, TGV, inayokwenda moja kwa moja hadi Marseille, mwendo wa saa tano na ushei. Mtashukia stesheni ya Saint-Charles, iliyo juu ya kilima. Mkitoka tu mtaona ngazi kubwa ya mawe inayoteremka mjini, vidato 104, na ng'ambo ya mji, juu ya kilima kingine, kanisa lenye sanamu ya dhahabu kileleni. Simameni hapo mpige picha, kisha mrudi ndani mkapande metro. Mama asiteremke ngazi ile na mizigo. Vituo viwili tu mko Vieux-Port, bandari ya kale, na hoteli yenu iwe karibu na hapo, upande wa Opera, ambako ardhi ni tambarare.

Ngazi yenyewe irudieni siku nyingine kwa chini. Ilifunguliwa mwaka 1927, na miguuni pake wamelazwa wanawake wawili wa mawe: mmoja amepewa jina la Makoloni ya Afrika, mwingine Makoloni ya Asia. Mji mwingine ungewaficha uani. Hapa mgeni anawapita akiingia mjini na akitoka, na nadhani ni vizuri wabaki pale, ili mtu asijidanganye utajiri wa majumba haya ulitoka wapi.

Asubuhi ya kwanza msiende popote ila gatini. Kuanzia saa mbili hivi wavuvi wa mashua ndogo huja kuuza samaki kwenye meza pale kichwani mwa bandari, na kufikia adhuhuri wamekwisha fungasha. Ni meza chache siku hizi, lakini mama atajua la kufanya: ataangalia macho na mashavu ya samaki na kutoa hukumu. Mbele yenu kutakuwa na paa kubwa la chuma kilichong'arishwa kama kioo, kazi ya msanifu Norman Foster, lililowekwa mwaka 2013 Marseille ilipokuwa mji mkuu wa utamaduni wa Ulaya. Ukisimama chini yake unajiona kichwa chini miguu juu. Watoto wanalipenda, na watu wazima wanajifanya hawalipendi.

Kutoka hapo, dakika chache kwa mguu nyuma ya duka kubwa la Centre Bourse, kuna shimo lenye mawe na nyasi ambalo wageni wengi hulipita wakidhani ni mahali pa ujenzi. Kwangu mimi hapo ndipo penye moyo wa mji. Wagiriki kutoka Phokaia, pwani ya Uturuki ya leo, walifika hapa mnamo mwaka 600 kabla ya Kristo wakaanzisha kituo cha biashara walichokiita Massalia. Ni hadithi ya pwani yoyote: wageni wa majahazi wanakuja, wanabadilishana mali na wenyeji, wanaoa, wanabaki. Na kweli, simulizi ya mji inasema nahodha wa Kigiriki, Protis, alichaguliwa kuwa mume na Gyptis, binti wa mfalme wa wenyeji, usiku ule ule wa karamu. Hiyo ni ngano, bila shaka, lakini angalia ni ngano ya namna gani: mji umeamua kujieleza kwa harusi ya mgeni na mwenyeji. Mtu wa Lamu au Pate hahitaji kufafanuliwa.

Mwaka 1967 walipokuwa wakichimba misingi ya lile duka, matinga yaligonga kuta za kale na gati la bandari yenyewe. Ukisimama leo penye nyasi, unasimama palipokuwa maji. Bahari imesogezwa mbali, na mwenye kutaka kuijua bandari ya kwanza lazima ageuze mgongo kwa bandari ya sasa. Kando yake kuna Makumbusho ya Historia ya Marseille, ndani mna mabaki ya mashua za Wagiriki ambazo mbao zake ziliunganishwa kwa kushonwa kwa kamba. Kaeni mbele yake. Mtepe wetu, kile chombo cha kale cha pwani, ulishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari. Hawa walikuwa na ufundi wa ukoo huo huo. Makumbusho yana lifti na viti, na maonyesho ya kudumu katika makumbusho ya manispaa hayana kiingilio.

Kamba zimeupa mji hata majina. La Canebière, barabara kuu inayopanda kutoka bandarini, jina lake latokana na neno la Kiprovansi, lugha ya jadi ya huku kusini mwa Ufaransa, la ule mmea wa ukoo wa bangi ambao nyuzi zake zilisokotwa kamba za merikebu. Vallon des Auffes, kijibandari cha wavuvi chini ya daraja la barabara ya pwani, nacho kimeitwa kwa nyasi za kusokotea kamba. Huko nendeni jioni kwa basi namba 83, mshuke taratibu, mkae mkitazama mashua. Hakuna cha kufanya pale, ndiyo sababu nakutuma.

Sasa nikupe kisa ambacho waongoza wageni wa Marseille hawakisimulii, nami siku zote huona ni hasara. Utaona sabuni kila duka: vipande vya mraba, vya kijani au vyeupe, vimepigwa muhuri wa 72%, yaani kiwango cha mafuta. Mwaka 1688, chini ya Mfalme Louis XIV, ilitolewa amri kwamba sabuni ya Marseille itengenezwe kwa mafuta ya zeituni tu. Karne ya 19 viwanda vilikua, zeituni hazikutosha, na wenye viwanda wakaanza kutafuta mbegu za mafuta ng'ambo: karanga Afrika Magharibi, na ufuta na mbata kwetu. Mwaka 1844 Ufaransa ilitia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said wa Zanzibar, na nyumba za biashara za Marseille, kama vile Vidal na Rabaud, zikaweka mawakala Unguja. Ufuta wa mrima na wa upande wa Lamu ukapakiwa, ukazunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa matanga hadi hapa, ukakamuliwa, ukawa sabuni. Baada ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869 njia ikawa fupi. Kwa hiyo mama akinunua kipande cha sabuni, mwambie kuna uwezekano mababu zake walilima malighafi yake. Na anunue kwa makini: jina "sabuni ya Marseille" halina ulinzi wa sheria, kila mtu anaweza kuliandika. Viwanda vinavyopika kwa njia ya zamani vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Yenye rangi za peremende na harufu ya waridi ni ya watalii.

Siku ya pili iwe ya Le Panier, mtaa wa zamani kuliko yote, nyuma ya jengo la manispaa. Vichochoro vyake vinapanda na kushuka, nguo zimeanikwa madirishani, utaona kama Mji wa Kale wa kwenu uliovalishwa rangi. Siku hizi umejaa maduka ya vinyago na picha, kidogo umetiwa sukari. Mama apandishwe kwa kituo kimoja kimoja, na lengo lenu liwe La Vieille Charité, jengo la matao lenye kanisa dogo la mviringo katikati ya ua, kazi ya msanifu Pierre Puget. Lilianza kujengwa mwaka 1671 kwa ajili ya maskini. Kwa kweli lilikuwa la kuwafungia, wasionekane barabarani. Leo ni makumbusho. Ua wake una kivuli na utulivu ambao hamtaupata kwingine katikati ya mji.

Mkiteremka kurudi bandarini mtashangaa: nyumba za zamani zinakatika ghafla, yanaanza majengo mazito ya mawe ya miaka ya 1950. Hayo si mipango miji ya kawaida. Januari 1943, Wajerumani wakiikalia nchi na polisi wa Kifaransa wakiwasaidia, mtaa ulizingirwa, watu wapatao 20,000 wakaondolewa majumbani, mamia ya Wayahudi wakapelekwa kuuawa kambini, na Februari nyumba zipatazo 1,500 zikaripuliwa kwa baruti. Waliona pale ni pango la wahalifu na wapinzani. Jengo la manispaa la karne ya 17 liliachwa, ndiyo maana linaonekana limesimama peke yake kama jino. Majengo mapya ni ya msanifu Fernand Pouillon. Watu wengi huyaona mabaya, mimi nimeyazoea hadi nikayapenda. Angalieni jinsi mawe yake yanavyogeuka rangi jua likizama.

Notre-Dame de la Garde, lile kanisa la kilimani, msipande kwa miguu hata kama kuna mtu anawaambia ni karibu. Basi namba 60 linatoka Vieux-Port na kuwafikisha juu, ingawa vidato vichache vinabaki. Liliwekwa wakfu mwaka 1864, na wenyeji humwita Bikira wa pale juu "Mama Mwema", wawe Wakristo au la. Nimemsikia dereva wa teksi Mwislamu akimtaja hivyo alipoponea chupuchupu kwenye kona. Wageni wa dini zote wanaingia. Darini kunaning'inia mifano ya meli, na kutani mabamba ya nadhiri za mabaharia walionusurika tufani. Nje, upande mmoja wa ukuta, kuna matundu ya risasi za vita vya kuukomboa mji, Agosti 1944. Upepo ukivuma shikeni mitandio. Mistral ni upepo mkavu wa baridi unaoteremka bonde la mto Rhône, hauna undugu wowote na kaskazi ya kwenu. Aprili unaweza kuvuma siku tatu mfululizo, kwa hiyo makoti msiyaache Brussels.

Sasa wezi. Wachopozi wapo: metro, Canebière, sokoni Noailles. Mimi mwenyewe niliwahi kuchopolewa simu nikiwa nimeishika mkononi kama mshumaa, nikitafuta njia. Simu ndani, mkoba mbele, na mkufu wa dhahabu wa mama ubaki Mombasa. Uuaji unaousikia kwenye habari ni jambo jingine: ni vita vya magenge ya dawa za kulevya, vilivyoua watu karibu 50 mwaka 2023, zaidi katika majengo ya mitaa ya kaskazini ambako mgeni hana sababu ya kufika. Wanaoteseka kwa hayo ni wakazi wa huko, ambao wengi wao ni watu wa kawaida wanaoamka alfajiri kwenda kufagia ofisi. Ninyi wawili, mchana, katikati ya mji, mtakuwa salama kama Biashara Street ya kwenu Mombasa. Usiku pandeni teksi.

Noailles usiikwepe kwa hofu. Ni dakika tano kutoka bandarini, soko la Capucins, ambako utasikia Kiarabu, Kiwolofu na Kifaransa cha kila lafudhi. Nyama halali ni jambo la kawaida hapo, hutahitaji kuuliza mara mbili, na sehemu za kuswali ndogo ndogo zipo mitaa ya jirani ya Belsunce. Pandisheni kidogo barabara ya rue d'Aubagne mtakuta pengo kati ya nyumba. Tarehe 5 Novemba 2018 majengo mawili yaliporomoka hapo asubuhi yakaua watu wanane, mmoja wao mama wa Kikomoro aliyekuwa ametoka kumpeleka mwanawe shule. Nyumba zilikuwa mbovu na wakazi walilalamika kabla. Mji bado haujasamehe.

Na hapo ndipo mtakapoanza kusikia lugha mnayoielewa nusu. Wangazija, watu wa visiwa vya Komoro, wako makumi ya maelfu Marseille. Wa kwanza walikuwa mabaharia, wachochea moto na wapishi katika meli za kampuni ya Messageries Maritimes zilizotoka hapa kupitia Suez hadi Madagaska na visiwa vya jirani. Wakashuka, wakapanga vyumba karibu na bandari, wakaleta ndugu. Leo fedha za harusi kubwa za Ngazija huchangwa huku, na mwenyeji wa Ufaransa anaporudi visiwani likizo wanamwita kwa utani "je viens", yaani "naja". Mwanamuziki Soprano ni mtoto wa jamii hii. Ibrahim Ali pia alikuwa wa jamii hii, kijana wa miaka 17 aliyepigwa risasi ya mgongo Februari 1995 na wabandika mabango wa chama cha mrengo mkali wa kulia, akitoka mazoezini kwenye kikundi chake cha rap. Tangu 2021 barabara moja ya kaskazini ina jina lake.

Mama akikutana na bibi wa Kingazija aliyejitanda leso, amwamkue tu kwa Kiswahili, wataelewana kwa kuvutana. Shikamoo yao ni "kwezi". Atahadhari na moja: kwao "marahaba" ni shukrani, kwa hiyo akiitikia hivyo watadhani anashukuru, na watamshukuru tena.

Chakula nisikuchoshe. Bouillabaisse, ule mchuzi maarufu wa samaki, ulianza kama chakula cha wavuvi waliochemsha samaki wa miiba wasionunuliwa. Sasa sahani moja inapita gharama ya chumba cha hoteli cha bei nafuu. Tangu 1980 wenye mikahawa wana mkataba wao: samaki wa aina nne angalau, mchuzi kwanza na mkate uliopakwa rouille, rojo la kitunguu saumu na pilipili, kisha samaki wakatwe mbele ya mgeni. Wengine hutia mvinyo au pastis, pombe ya anisi, ndani, kwa hiyo ulizeni kabla. Mimi ningeiacha. Kuleni panisse, vipande vya unga wa dengu vilivyokaangwa, mama ataonja na kusema ni bhajia iliyosahau pilipili, na hatakuwa amekosea. Na nendeni kwenye tanuri la navettes karibu na kanisa la Saint-Victor, linalooka tangu 1781 biskuti za umbo la mashua zenye maji ya maua ya mchungwa. Ni ngumu kama ubao. Zichovyeni kwenye chai.

Siku ya baharini mchague kwa upepo, si kwa kalenda. Ukitulia, pandeni boti ya kuzunguka Calanques, zile ghuba za majabali meupe kusini mashariki ya mji ambazo kwa miguu zingemmaliza mama, hifadhi ya taifa tangu 2012. Ukivuma, hata kwenye Château d'If, ile ngome ya kisiwani mbele ya bandari, boti hazitii nanga, basi nendeni Mucem, makumbusho ya Mediterania yaliyofunikwa wavu wa zege mdomoni mwa bandari. Darini pake na kwenye bustani za Fort Saint-Jean ni bure, na kuna daraja jembamba baina yake linalofaa magoti ila halifai wenye kizunguzungu. Mucem hufungwa Jumanne. Ya manispaa hufungwa Jumatatu.

Mwisho, angalia ratiba ya mpira kabla hujakata tiketi. Olympique de Marseille ndiyo klabu ya kwanza ya Kifaransa kulichukua kombe la mabingwa wa Ulaya, 1993, kwa kichwa cha Basile Boli, mzaliwa wa Côte d'Ivoire, na mpaka leo mji unazungumza kana kwamba ni juzi. Uwanja wa Vélodrome unachukua watu zaidi ya 67,000. Mkiona tangu asubuhi watu wamevaa jezi nyeupe na buluu, mrudishe mama hotelini mapema, kabla metro haijajaa. Wewe ukipenda, shuka tena gatini ukawasikilize wakiimba.